Vumbi Lisitoke Nje

Mji mzima wa Tanga hakuna mjane aliyekaa eda kwa adabu kama mimi, Mwamvua. Siku sitini na tatu sikuvuka kizingiti, sikutia wanja, sikujipaka hata mafuta ya nazi. Siku ya sitini na nne nikaiba baibui la wifi yangu nikatoka mbio.

Mbio ni maneno tu. Nina miaka sabini na mbili, na goti la kushoto limeacha kunisikiliza tangu zamani. Lakini nilitoka.

Nieleze kwanza nilivyofungwa, usije ukadhani mimi ni mwanamke wa kuruka kuta. Mume wangu Rahimu, fundi wa nyumba za mawe, alifariki baada ya kuugua wiki mbili. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na kizuka hatoki nje ila kwa dharura. Sheria siigombi. Nagombana na chumba. Chumba chetu pale Nguvumali kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Ukuta ule naujua sasa kuliko nilivyomjua marehemu. Una nyufa tatu na mjusi mmoja dume, na mjusi ana wake wawili wanaopokezana zamu bila kugombana. Joto likiingia chumbani humo halitoki. Nalo linakaa eda.

Mlinzi wangu alikuwa Tausi, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Pangani kukaa nami. Alileta mkeka, msahafu na chupa ya chai, akatandika pale pale mlangoni. Ukitaka kwenda msalani sharti umruke.

"Wifi, waenda wapi?"

"Naenda kuolewa."

"Astaghfirullah! Kaka yangu hata kaburi halijakauka!"

"Basi naenda kukojoa. Nikirudi nitaolewa."

Alinuna mpaka laasiri. Ndiyo burudani niliyokuwa nayo.

Lakini sikutoka kwa sababu ya joto, wala kwa sababu ya Tausi. Nilitoka kwa sababu ya mwanangu Uweso, aliyebaki peke yake kati ya watano niliowazaa.

Uweso ni fundi kama baba yake, ila mawe yao si mamoja. Baba yake alichonga matumbawe na kupaka chokaa. Uweso anakata jiwe la kiwandani. Linakuja kwenye kontena, mabamba mapana kuliko kitanda cha watu wawili. Huko linakotoka wanasaga mawe mpaka yawe unga, unga wanautia gundi, kisha wanaushindilia uwe jiwe tena. Ukiliona utalipenda. Linang'aa kama maji yaliyotulia, halina doa, halinyonyi mchuzi. Wenye nafasi wanalitaka juu ya kaunta ya jikoni, wanalitaka ukutani, wanalitaka hata bafuni ambako hakuna mgeni wa kuwaonea wivu. Mimi nilipoliona mara ya kwanza nilimwambia Uweso, "Jiwe lililosagwa likakubali kurudi kuwa jiwe, hilo lina kinyongo." Alicheka sana. Nilikuwa natania. Siku hizi natamani ningezaliwa bila utani.

Maana kinyongo kipo, nacho kiko kwenye kulikata. Ukilikata kavu kwa grenda linatoa vumbi jeupe, laini kuliko unga wa ngano, na vumbi hilo likishaingia kifuani limehamia. Sisi hatukujua. Kwetu vumbi lilikuwa vumbi. Marehemu alikula vumbi la chokaa miaka hamsini na akafa kwa mambo yake mengine. Pale karakanani kwa kina Uweso kila fundi alipewa nusu lita ya maziwa akimaliza kazi, kwa kuwa kila mtu pwani hii anajua kwamba maziwa huosha kifua. Ya mwanangu aliyaleta nyumbani, na mchemshaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nikisimama mbele ya mwanangu na kikombe, simwachi mpaka nione kitako cha kikombe, kama ninayemnywesha dawa.

Kikohozi kilipoanza nikaongeza maziwa. Kilipozidi nikatia tangawizi. Alipoanza kupumzika njiani kutoka msikitini, mwanamume wa miaka arobaini anashika ukuta wa watu kama mlevi, ndipo tulipokwenda hospitali. Daktari akabandika picha ya kifua kwenye taa. Nilikuwepo, ilikuwa kabla sijafiwa. Mapafu ya mwanangu yalijaa madoa meupe kama mtu aliyepiga chafya na mdomo umejaa wali.

"Nilimpa maziwa kila siku," nikamwambia daktari.

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Hili liko kwenye mapafu. Njia ni mbili."

Miaka yote hii nakula na kupumua, sikuwahi kuambiwa njia ni mbili.

Daktari akasema ni vumbi la jiwe, na haliponi. Likiachwa hapo lilipo, Uweso ataishi nalo, atatembea polepole, atawaona watoto wake wakioa. Akiendelea kukata, nihesabu miaka kwa vidole vya mkono mmoja, halafu vingine nivikunje.

Baada ya hapo mkaguzi wa usalama kazini, mwanamke kijana aitwaye Yudith, alikwenda karakanani kwao Mabawa na kuwaandikia karatasi. Uweso aliileta nyumbani, nikaisoma mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nilisoma karatasi ile mara tatu. Jiwe likatwe kwa maji yanayotiririka juu ya kisu. Mafundi wavae barakoa za kubana uso, vitambaa haviruhusiwi. Vumbi lisitoke nje ya karakana kuwadhuru majirani. Na mwisho, kwa jina kamili: Uweso Rahimu asikate, asisage wala asipige msasa jiwe hilo tena, apewe kazi nyingine. Huyo Yudith aliwaambia kwa mdomo kwamba kuna nchi huko mbali zimelipiga marufuku jiwe lenyewe, halikatwi na mtu, kwa maji wala kwa dua. Sisi bado tunalikata, basi angalau tulikate kwa masharti.

Uweso akaniapia. "Mama, nimeacha. Mimi sasa napima na kubandika tu. Kukata wanakata wengine."

"Wengine kina nani?"

"Wengine, mama."

Juma lile lile baba yake akaanguka kitandani, na mimi nikawa na la kulia jingine. Sikuuliza tena.

Sasa siku ya sitini na tatu akaja Kaneez kunipa pole. Kaneez ni mke wa Aliasgar mwenye duka la vyombo, tunajuana tangu mkwewe mzee Rehmatulla akiwa hai. Aliniletea biskuti za nankatai kwenye bakuli lililofunikwa, akaketi ukingoni mwa kitanda akijipepea na kanga.

"Shikamoo, Bi Mwamvua. Poleni tena."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa, ninaloungua sasa ni joto. Nyumba yenu Raskazone imefika wapi?"

Hapo nilifungua bomba. Akanieleza madirisha, akanieleza mlango, akafika jikoni na macho yakamng'aa. "Ukuta mzima, Bi Mwamvua, mabamba kumi na sita ya lile jiwe. Na kona zote anakata Uweso mwenyewe. Nimemwambia Idarusi, akigusa mtu mwingine sichukui. Jana tu nimepita Mabawa nikamkuta na grenda, mweupe kama maiti wa..."

Akakumbuka yuko nyumba ya nani. Akafunika mdomo.

"Kama nini, mwanangu?"

"Kama mwoka mikate, Bi Mwamvua."

Hakujua. Hakuna aliyemwambia habari ya hospitali, na Uweso hawezi kumwambia mteja kwamba amekatazwa kazi anayoijua kuliko mtu yeyote mjini. Nami sikumwambia. Nilitafuna nankatai moja mpaka alipoondoka.

Nikampigia simu mwanangu.

"Uko wapi, Uweso?"

"Raskazone kwa Kaneez, mama. Nabandika."

"Mbona sauti yako kama uko ndani ya mtungi?"

"Nimo bafuni, mama. Bafu halijatiwa mlango."

"Lisilo na mlango ndilo lenye mwangwi?"

"Mama, mtandao unasumbua." Akakata.

Nilikaa nikitazama mjusi. Nifanye nini? Namba ya Yudith ilikuwa chini ya ile karatasi. Lakini nikimpigia, mwanangu anaaibika mbele ya mafundi wenzake, na aliyemchoma ni mama yake. Nisipompigia, namzika. Idarusi, mwenye karakana, amekula nyumbani kwangu tangu yeye na Uweso wakiwa madrasa pamoja, lakini Idarusi ndiye anayempa grenda. Nilitaka nimkamate mwenyewe, nimshike sikio, nimtoe nje kimyakimya bila mtu kujua. Na mimi niko nyuma ya Tausi.

"Wifi," nikamwambia usiku ule tukila, "dharura ya kumtoa kizuka ni ipi?"

"Hospitali. Moto. Nyumba ikitaka kuanguka."

"Na nyumba ikimwangukia mtu mwingine, mahali pengine?"

"Kula, wifi. Mchuzi unapoa."

Kesho yake baada ya adhuhuri Tausi alisinzia, mdomo wazi, mkono juu ya msahafu. Baibui lake na nikabu yake vilikuwa kwenye msumari. Nikavivaa juu ya nguo zangu nyeupe za ukizuka, miguu nikaitia kwenye viatu vyake. Nikainua mguu wenye goti zima, nikainua ule mwingine kwa mkono. Tausi akageuka akasema "yasini" usingizini. Nikapita.

Dereva wa bajaji akauliza, "Wapi, bi mkubwa?"

"Mabawa, kwa wakata mawe."

"Unajenga?"

"Nabomoa."

Nilidhani nikitoka nje nitapumua. Wapi. Nikabu ya Tausi ni nzito, na Tausi ana kichwa kidogo. Ilinibana mashavu, na pumzi yangu ikanirudia mdomoni yenye harufu ya bizari. Niliona mji kwa mwanya wa vidole viwili. Nimetoka kwenye chumba nikaingia kwenye kitambaa.

Nilipofika karakanani nikasimama, sikuamini. Hapakuwa na vumbi hata chembe. Geti la bati limefungwa. Madirisha yote yamefunikwa turubai kwa ndani, na pale turubai lisipofika wameshindilia magunia na matambara, hata tundu la paka halikusahauliwa. Na karatasi ya Yudith wameibandika getini, wameitia kwenye plastiki isilowe. Nikaisoma tena pale kwa mwanya wangu. Vumbi lisitoke nje. Nikaelewa. Katika masharti yote manne wamechagua lile moja lisilohitaji maji wala barakoa, wakalitimiza kwa moyo wao wote.

Nikagonga. Geti likafunguka kiasi cha kupitisha mkate. Idarusi akatoa kichwa, nyusi zake nyeupe kama za babu yake.

"Shikamoo, bi mkubwa. Umetoka kwa Kaneez kutazama mabamba?"

Sauti yangu angeijua. Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Ingia upesi basi, tusitoe vumbi. Sisi hapa tunafuata masharti."

Akanivuta ndani, akasukuma komeo, akatia kufuli, ufunguo akautumbukiza mfukoni.

Nikwambie palivyokuwa mle. Taa moja, nayo haikuangaza. Ilining'inia kama kiini cha yai ndani ya uji. Ukiunyoosha mkono wako huoni kucha. Joto la chumbani kwangu, ambalo nililitukana siku sitini na tatu, niliona ni la bustanini. Kelele ya grenda ilikuwa inaingia kwa meno. Na ukutani, kwenye msumari, niliona mpira wa maji umekunjwa vizuri, mpya, bado una karatasi ya dukani.

Aliyekuwa anakata alikuwa mweupe kutoka nywele mpaka kandambili, kitambaa kimefungwa puani kama mwizi wa ng'ombe. Uso haukuonekana. Nilimjua kwa anavyosimama: mguu wa kushoto mbele, nyonga imelala, vile vile baba yake alivyokuwa akisimama mbele ya jiwe.

"Mteja!" Idarusi akapiga kelele. Grenda ikazimwa. Uweso akaja kwangu akifuta mikono kwenye suruali, akiongeza vumbi badala ya kupunguza. Macho yake yakanitazama, hayakuniona. Aliona baibui.

"Karibu, bi mkubwa. Njoo nikuonyeshe kona." Akanipeleka kwenye mabamba mawili yaliyosimamishwa yakakutana. "Pitisha kidole. Ukikikuta kiungo, nipige kofi."

Nikapitisha kidole. Nikarudisha. Sikukuta kitu. Ilikuwa kama jiwe limezaliwa limekunjwa. Mkono ule ni wa Rahimu, na kwa pumzi moja nilikuwa mama mwenye kiburi, na pumzi yenyewe ikanijaa vumbi.

Nikabana pua, nikaongea kama mtu wa Unguja. "Kwani hamtumii maji, fundi?"

"Maji yanatelezesha, bi mkubwa. Kona inameguka. Kwa maji nitakukatia kaunta, kona kama hii sikukatii."

"Na vumbi hili halikudhuru?"

"Mimi?" Akajipiga kifua, likatoka wingu. "Nimepimwa juzi tu. Daktari kasema kifua changu kama cha mtoto wa shule."

Alilisema vizuri, bila kupepesa, bila kutafuta maneno. Nikajua kipaji hicho hakukitoa kwa baba yake.

Nikafungua mdomo nimwite jina lake. Hapo ndipo geti lilipopigwa.

"Fungueni! Ukaguzi!"

Sauti ya mwanamke. Idarusi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akashusha swichi kuu. Taa ikafa. Turubai zile zilizozuia vumbi kutoka zilizuia na mwanga kuingia, mchana kweupe tukawa ndani ya kaburi, watu watatu tumesimama.

"Msitikisike," Idarusi akanong'ona. "Atachoka, ataondoka. Bi mkubwa, samahani, usikohoe."

Kumwambia mtu usikohoe ni kumpa kikohozi. Kilianza kunitambaa kooni kama siafu. Nikauma nikabu ya Tausi. Nje geti likapigwa tena, halafu kimya, na kimya kile hakikuwa cha mtu anayeondoka. Nikawaza: nikisema, nimemuuza. Nikinyamaza, nimemuua. Nikisogea, nitaangusha bamba nife mimi, na Tausi atasema alinionya. Ufunguo uko kwa Idarusi, na Idarusi sijui amesimama wapi.

Lakini Uweso nilijua alipo. Nilimsikia. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza ikiingia na inakwaruza ikitoka, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili. Na kila baada ya pumzi tatu ilisimama, anazuia. Nilinyoosha mkono gizani nikashika shati lake.

"Usiogope, bi mkubwa," akaninong'oneza, mwanangu. "Huyo ni mtu wa bili ya umeme tu."

Hakuweza kumaliza. Kikohozi kikamtoka, si kimoja, kilitoka mfululizo kama kinachomvuta nguo kwa ndani. Alikohoa mpaka akapiga magoti. Shati likanichomoka mkononi. Nje mkaguzi alisubiri. Alisubiri mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mkimaliza kukohoa," akasema, "mfungue."

Idarusi akafungua. Mwanga ukaingia ukasimama mlangoni kana kwamba unaogopa. Yudith alikuwa mdogo wa umbo, viatu vikubwa vya kazi, na barakoa ya mpira imembana uso na vichujio viwili pembeni kama mashavu ya chura. Akanitazama, akainama kidogo. "Shikamoo, mama." Nikaitikia kwa kichwa.

"Mnakata kavu," akamwambia Idarusi.

"Hatukati, dada. Tunamwonyesha mteja mabamba."

"Gizani?"

"Umeme umekatika."

Yudith akaenda ukutani akainua swichi. Taa ikawaka.

"Umerudi," Idarusi akasema.

Yudith hakucheka. Aligusa grenda kwa nyuma ya mkono, ilikuwa bado ya moto. Akamgeukia mwanangu, aliyekuwa ameinuka na kuegemea meza. Yudith alikuwa amemwona mara moja tu, miezi ile ya nyuma, akiwa ameoga. Sasa kope zenyewe zilikuwa nyeupe.

"Wewe unaitwa nani?"

"Methusela."

Huyu ndiye kijana niliyemchinjia akika mbuzi wawili, leo ananiambia ni Methusela. Na kati ya majina yote ya Wakristo akachagua la yule aliyeishi miaka mia tisa na zaidi, na kifua kile.

"Methusela nani?"

"Methusela Yohana."

"Wa wapi?"

"Muheza."

"Muheza kubwa. Wapi?"

"Magila."

Yudith akatoa kalamu. "Magila nimezaliwa mimi. Yohana yupi huyo?"

"Niliondoka mdogo sana, dada."

"Haya. Na Uweso Rahimu yuko wapi? Jina lake liko kwenye karatasi pale getini. Nimekuja kwa ajili yake."

"Uweso aliacha kazi. Wallahi..." Methusela akaimeza wallahi ile, ikampalia. "Kweli aliacha, dada yangu. Yuko kwao Nguvumali. Mama yake yumo edani, tena amepooza, masikini. Hainuki, hasemi. Uweso ndiye anayemgeuza, ndiye anayemlisha uji kwa kijiko. Leo asubuhi nimepita pale, bibi hata macho hafumbui."

Na sauti ikamtetemeka, wallahi. Alinihurumia.

Nikamwona Yudith analegea. Ni mtu, naye ana mama. Akasema, "Mungu amsaidie," akaweka karatasi juu ya bamba, akaanza kuandika. Alikuwa karibu yangu, na mwandiko wake ni wa shule, mkubwa. Nilisoma kupitia mwanya: Uweso Rahimu ameacha kazi ya mawe.

Nikaona maisha yake yanavyokwenda kuanzia hapo. Likishaandikwa hivyo limekwisha. Hakuna atakayekuja tena kumtafuta, kwa kuwa hayupo. Idarusi atapewa onyo, atatundika mpira wa pili wa maji karibu na wa kwanza, atashindilia magunia zaidi. Na Methusela wa Magila, ambaye hana picha ya kifua hospitali yoyote, ambaye hajakatazwa na mtu, atarudi kwenye kona zake na geti litafungwa kwa ndani. Siku nitakayotoka eda ya baba yake nitaingia matanga yake.

Nikafunua nikabu.

"Methusela," nikamwita, kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kumwitia chakula. "Huo uji umenilisha saa ngapi?"

"Lahaula," akasema Idarusi, akakaa juu ya ndoo.

Uweso alinitazama. Katika weupe ule wote kulibaki macho tu, na macho yakashuka kutoka usoni mwangu mpaka kwenye miguu yangu, ile iliyopooza, iliyosimama pale na viatu vya Tausi. Akafungua kinywa anijibu, kikohozi kikatangulia. Akakohoa ameshika kona yake.

Yudith akauinua mkono wake kutoka kwenye karatasi. Akakata mstari mmoja juu ya alichoandika. Alisubiri, kama alivyosubiri getini, mpaka mwanangu akanyamaza.

"Haya," akasema. "Tuanze upya. Jina lako nani?"